Series III 109 yenye injini ya Discovery: irudishiwe ya asili au ibaki?

Swali lenyewe kwa kifupi: msomaji amenunua Land Rover Series III ya 1976, ile ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 haipo tena. Mwenye gari wa kabla yake aliweka dizeli ya 200Tdi iliyotoka kwenye Discovery, Land Rover ya miaka ya baadaye. Giaboksi, transfa (boksi la nyuma ya giaboksi linalogawa mvuto mbele na nyuma) na ekseli ni zile zile za zamani. Gari linatembea, lakini linachemsha kwenye milima, linatetemeka likikaribia kilomita 70 kwa saa, na gia ya tatu inaruka akiachia mafuta. Amepanga kulivua lote hadi chasi na kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani. Marafiki wanamwambia aitupe hiyo injini ya kuazima, atafute ya asili. Anauliza aiache au aitupe, aanzie wapi, na mwisho kabisa, injini aipake rangi gani.

Ndugu msomaji,

Injini iache hapo ilipo, na kwa sasa usifungue hata bolti moja ya bodi. Najua mikono inakuwasha, maana hakuna anayenunua gari kama hilo asione kichwani chasi tupu iliyopakwa rangi nyeusi. Tatizo ni kwamba gari lililobadilishwa injini likishavuliwa, ushahidi wote unapotea. Hutajua tena kama mtetemo ulitoka kwenye flaiwili au kwenye propela, na utalifunga upya, likiwa na rangi mpya, pamoja na ugonjwa ule ule. Magonjwa matatu uliyoyataja yote yanapimika gari likiwa linatembea.

Kuhusu marafiki zako, wana hoja, ila si kubwa kama wanavyodhani. Land Rover wenyewe hawakuwahi kuapa kwa injini moja. Gari la kwanza, mwaka 1948, lilikuwa na petroli ya lita 1.6. Ikaja ya lita 2, kisha dizeli ya kwanza mwaka 1957, kisha petroli ya lita 2.25 mwaka 1958. Mwaka 1967 silinda sita za lita 2.6 ziliingia kwenye 109, na mwaka 1979 wakapachika V8 ya lita 3.5 kwenye hiyo hiyo 109. Kule Australia kampuni iliuza magari haya yakiwa na dizeli ya Isuzu 4BD1 ya lita 3.9, kutoka dukani kabisa. Na hiyo 200Tdi yako haikutoka mbali: lita 2.25 ya zamani ilikuzwa ikawa dizeli ya lita 2.5, na juu ya msingi huo ndipo ilipojengwa 200Tdi. Ndiyo maana nyuma ya bloku mpangilio wa bolti unakaribiana na wa babu yake, na ndiyo maana mafundi wengi huichagua hiyo kuliko 300Tdi iliyoifuata, ambayo inasumbua zaidi kuingia kwenye Series.

Ningekuambia urudishe ya asili katika hali tatu tu. Kwanza, kama injini yenye namba iliyoandikwa kwenye kadi ya gari bado ipo na inauzwa pamoja nalo. Pili, kama gari ni la aina adimu, la jeshi au la miaka ya mwanzo, ambalo thamani yake yote iko kwenye uhalisia wake. Tatu, kama sheria za ulipo zinakataa injini uliyonayo na hakuna njia ya kuiandikisha. Series III ya kawaida ya 1976 isiyo na injini yake haiangukii kwenye mbili za kwanza. Hata ukipata 2.25 nyingine itakuwa ya gari jingine, kwa hiyo bado namba hazitaoana.

Hiyo ya tatu ishughulikie wiki hii, kabla ya spana. Chukua kadi ya gari, soma namba ya chasi na namba ya injini, kisha linganisha na chuma. Kwenye Series III namba ya chasi imegongwa kwenye ncha ya mbele ya chasi, upande wa kulia, pale springi inaposhikwa. Huenda ukalazimika kukwangua rangi na matope kuiona. Injini ya 200Tdi iliyotoka kwenye Discovery huwa na namba inayoanza na 12L, na ya Defender, mrithi wa Series, huanza na 11L. Kadi ikiwa bado inasema petroli, sahihisha sasa, wakati aliyekuuzia bado anapokea simu zako. Nchi hazifanani katika jambo hili. Uingereza, kwa mfano, kwa miaka mingi ilipima magari yaliyobadilishwa kwa pointi: chasi 5, ekseli, giaboksi, springi na stering 2 kila kimoja, na injini 1 tu, na gari lilihitaji angalau 8 ili libaki na namba yake. Yaani injini ndiyo kitu kilichohesabiwa kidogo kuliko vyote, na chasi ndiyo iliyobeba utambulisho. Nitarudi kwenye chasi.

Sasa turudi kwenye magonjwa. Nianze na mtetemo kwa sababu ndio unaotuambia mengi kuhusu kazi ya aliyefunga hiyo injini.

Tafuta barabara iliyonyooka na tupu. Fikisha gari kwenye mwendo unaotetemesha, kanyaga klachi hadi mwisho na uachie mafuta, injini ishuke iungurume taratibu huku gari likiendelea kujiviringishia lenyewe. Mtetemo ukibaki, injini haina kosa: tafuta kwenye magurudumu, propela, kroso zake na beringi za difu (gia zilizo katikati ya ekseli). Mtetemo ukikatika papo hapo, tatizo liko mbele ya klachi au kwenye klachi yenyewe. Kisha simamisha gari, weka huru, na upandishe injini hadi mizunguko 2,600 hivi kwa dakika. Kwa nini 2,600? Difu yako ni 4.7 kwa 1, transfa kwenye gia za juu ni karibu 1.15 kwa 1, na kwa matairi ya 7.50-16 injini huzunguka kiasi hicho kwenye gia ya nne ukiwa kilomita 70 kwa saa. Kama huna kipimo cha mizunguko, fundi umeme anacho cha mkononi. Ikitetemeka pale pale imesimama, umeshampata mhalifu bila kufungua kitu.

Dau langu liko kwenye raba za injini na bomba la moshi. Turbo ya Discovery inakaa chini, na kwenye chasi ya Series inagombana na chasi na kishikio cha injini. Defender ilipewa turbo iliyokaa juu. Mafundi hutatua ugomvi huo kwa njia tofauti: wengine hutafuta ekzosi manifoldi ya Defender, wengine huondoa turbo kabisa na kuiacha injini ivute hewa yenyewe, na wengine, nao si wachache, hukata kishikio na kuchomelea kipande cha chuma kinachoshika injini bila raba ya maana. Lala chini ya gari na taa. Ukiona chuma kimegusa chuma, au bomba la moshi limesugua chasi hadi likang'aa, mtetemo wako uko hapo. Raba nzuri zenye ugumu sahihi na bomba lililohamishwa sentimita mbili hubadilisha gari zima.

Kama raba ni nzima, basi tunaingia kwenye jambo zito zaidi, nalo ni namna injini ilivyounganishwa na giaboksi. Uliza au tazama: je, hauzingi ya flaiwili ni ya kiwandani, au kuna bamba lililochongwa na fundi katikati? Bamba la kuchonga si kosa lenyewe. Kosa ni bamba lisilo na pini za kulenga. Bolti hubana tu. Zinapita kwenye matundu yenye nafasi, na giaboksi linaweza kukaa pembeni kidogo huku kila bolti imekazwa vizuri. Pini ndizo zinazolazimisha katikati ya kranki na katikati ya shafti ya giaboksi viwe mstari mmoja. Kipimo chake ni kile cha saa chenye mshale: kinafungwa kwenye flaiwili, ncha inagusa ukingo wa ndani wa hauzingi, unazungusha kranki kwa mkono mzunguko mmoja. Mshale ukicheza zaidi ya robo ya milimita, usiendelee mbele kabla ya kusahihisha. Hiyo hufanyika giaboksi likiwa limeshuka, kwa hiyo isubiri siku ya kuvua, lakini iandike sasa usije ukaisahau.

Siku hiyo hiyo tazama ile bushi ndogo iliyo mwisho wa kranki, ambamo pua ya shafti ya giaboksi inakaa. Discovery ilikuwa na giaboksi jingine na shafti nyingine. Bushi ikiwa pana kuliko pua, shafti inaelea, sahani ya klachi inapasuka karibu na kitovu chake, na beringi ya mbele ya giaboksi inaanza kulia. Kitu kidogo kuliko kidole gumba kinaweza kuua boksi zima, na ndicho watu husahau kwa sababu hakionekani kikishafungwa.

Gia ya tatu inayoruka unapoachia mafuta ina sababu za kawaida za uzee. Boksi la Series III lina bushi kwenye shafti kuu zinazolika, sinkro zinazochoka, na springi ndogo zinazoshikilia fimbo za gia mahali pake. Ila kabla hujalihukumu, ondoa mfuniko wa raba unaozunguka mguu wa gia na kipande cha sakafu. Ingiza gia ya tatu, tazama kama lever inagusa ukingo wa tundu. Injini iliyokaa juu au chini kuliko ya zamani inainamisha giaboksi, na lever ikizuiwa milimita chache na sakafu, gia haijaingia hadi mwisho. Ukiachia mafuta inarudi huru. Mtu mmoja akae kwenye usukani akanyage na kuachia mafuta gari likiwa limesimama, nawe tazama lever. Ikirukaruka sana, raba za injini zinarudi tena kwenye orodha ya washukiwa. Lever ikiwa huru na injini imetulia, basi ni boksi, na litafunguliwa. Hilo si la kuhuzunika. Boksi hili ni la kizamani, vipuri vyake bado vinatengenezwa, na fundi mvumilivu hulimaliza mezani.

Kuchemsha. Hapa nakuomba usiamini geji. Series III hulisha geji ya joto na ya mafuta kupitia kifaa kidogo kinachoshusha umeme wa betri hadi wastani wa volti 10. Kikifa au kikikosa arthi nzuri, geji zote mbili husoma juu. Kwa hiyo tazama: joto linapopanda, je, geji ya mafuta nayo inapanda kana kwamba kuna mtu ameongeza dizeli njiani? Kama ndiyo, umeme unakudanganya. Uongo wa pili ni wa senza. Injini ilikuja na senza yake, dashibodi ina geji ya gari jingine, na viwili hivyo havikutengenezwa kuelewana. Chukua kipimajoto cha mwanga kisichogusa, elekeza kwenye nyumba ya thamostati mara tu ukimaliza mlima, na usome joto la kweli. Nyuzi 90 na kitu ni za kawaida. Ukiona 105 na inaendelea kupanda, gari linachemsha kweli.

Likichemsha kweli, muulize aliyekuuzia kama thamostati ipo. Ni tabia iliyoenea: gari likichemsha, fundi huitoa. Kwenye injini hii, kama nyingine nyingi, kuna njia ya pembeni ya maji ambayo thamostati huipunguza inapofunguka. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inajirudia kwenye injini bila kupita rejeta. Irudishe. Kisha tazama feni: ina kava ya kuongoza hewa, au inazunguka katikati ya uwazi ikichanganya hewa ile ile? Kama ni feni ya umeme, washa na uweke karatasi mbele ya rejeta. Karatasi inapaswa kuvutwa ibandike. Nyaya zikifungwa kinyume feni inasukuma hewa mbele dhidi ya upepo wa safari, na dalili yake ni hii hasa: mjini gari haliumwi sana, kwenye mwendo na mlima linachemsha. Chupa ya maji nayo iwe sehemu ya juu kuliko zote kwenye mfumo, vinginevyo hewa hujificha kwenye silinda hedi. Mabomba ya kupoza oili yasiwe yamezibwa au kukunjwa. 200Tdi ilipewa kipoza oili kwa sababu oili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha turbo, na turbo huipasha joto.

Nitazame pia moshi wako kwa mbali: mlimani ni mweusi? Kama ni mweusi tii, kuna mtu amegusa skrubu ya pampu ya dizeli ili gari liwe na nguvu. Dizeli isiyopata hewa ya kutosha inaungua vibaya, joto la ekzosi linapanda, na rejeta inalaumiwa bure. Na kama turbo iliondolewa lakini pampu ikabaki na mpangilio wa turbo, hilo ndilo jibu lako. Jaribio la mwisho ni la asubuhi: kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi kabisa, binya bomba la juu la rejeta. Likiwa gumu lenye shinikizo usiku kucha baada ya kupoa, gasketi ya silinda hedi inapitisha gesi, na hapo mjadala wa rejeta unaisha.

Ukitoka hapo utakuwa unajua kama injini ni nzima. Mkanda wa taimingi badilisha bila kujadili, pamoja na rola yake, kwa sababu hujui umri wake. Ukikatika, valvu hugonga pistoni na fimbo za kusukumia valvu hupinda.

Sasa swali ambalo hukuniuliza, nami naona ndilo kubwa kuliko yote: kila kilicho nyuma ya injini kinaweza kubeba nguvu yake? Dizeli ya zamani ya 2.25 ilitoa msokoto wa karibu nyutoni-mita 140, petroli yako karibu 168. 200Tdi ya Discovery yenye turbo ilitoa 265. Kwenye gia ya kwanza ya chini, Series III huzidisha msokoto huo karibu mara 40 kabla haujafika kwenye magurudumu. Piga hesabu mwenyewe. Kwa bahati, 109 nyingi za Series III zina ekseli ya nyuma ya Salisbury, ile yenye tumbo kubwa la chuma, ambayo ni ngumu kuivunja. Ekseli ya mbele ni ya Rover, na hafu shafti zake ndizo dhaifu. Giaboksi lenyewe linavumilia kama dereva anavumilia. Anayekanyaga klachi na kuiachia ghafla akiwa kwenye tope na turbo imejaa, atabadilisha boksi kila baada ya muda na kuilaumu Discovery. Kwa matumizi ya kawaida, injini bila turbo ni chaguo la heshima kabisa: inakupa nguvu inayokaribiana na ya kiwandani au kuizidi kidogo, joto linapungua, nafasi inapatikana, na giaboksi linazeeka polepole. Nikiwa na gari la kusafiria umbali mrefu ningebaki na turbo ya Defender na mguu mwepesi. Hilo ni suala la unachotaka, na hakuna aliye sahihi zaidi.

Watakushauri ubadilishe difu za 4.7 uweke za 3.54 za Range Rover ya zamani au Defender, ili injini isipige kelele barabarani. Faida ni ya kweli: kwenye kilomita 80 kwa saa injini hushuka kutoka mizunguko 2,900 hivi hadi 2,200. 200Tdi hutoa msokoto wake mkubwa kwenye mizunguko 1,800, kwa hiyo inaweza. Lakini kuna mambo matatu ambayo huwa hayatajwi. Difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane, la sivyo siku utakapounganisha mvuto wa magurudumu yote manne kwenye ardhi kavu kitu kitavunjika. Spidomita inachukua mwendo wake kwenye transfa, kabla ya difu, kwa hiyo ikionyesha 60 utakuwa unakwenda karibu 80. Na hendibreki ya Series haiko kwenye magurudumu, iko kwenye ngoma nyuma ya transfa. Nguvu yake huzidishwa na difu kabla ya kufika chini, na ukishusha difu umepunguza robo ya uwezo wake wa kushika gari mlimani.

Wala usidhani difu zako ni 4.7 kwa sababu kitabu kinasema hivyo. Aliyebadilisha injini huenda aligusa na hizo. Nyanyua gurudumu moja la nyuma, jingine likae chini, weka gia huru, funga magurudumu ya mbele kwa mawe yasisogee. Zungusha gurudumu lililo hewani mizunguko miwili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka karibu mara nne na robo tatu, ni 4.7, ikiwa tatu na nusu, ni 3.54. Fanya hivyo mbele pia, habu ikiwa imefungwa kama gari lako lina habu za kufungua.

Breki zitangulie nguvu, zisifuate. Petroli huipa busta ya breki mvuto wa hewa kutoka kwenye manifoldi; dizeli haina mvuto huo, na 200Tdi ina pampu yake ya kuvuta hewa ubavuni mwa bloku. Hakikisha imeunganishwa na bomba halijapasuka. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishike kwa mguu, washa injini. Pedali inapaswa kuzama kidogo. Isipozama, unaendesha gari zito lenye breki za mguu mtupu. Na kama mfumo wako bado ni wa laini moja, ambamo tundu moja linamaliza breki zote nne, weka masta silinda ya laini mbili wakati bodi iko nje. Hapo sitajali mtu atasema nini kuhusu uhalisia.

Umeme wa injini hii ni mwepesi mno, na ndiyo sababu nyingine ya kuipenda. Pampu yake ya Bosch ni ya mitambo tupu, haina kompyuta. Inahitaji waya mmoja wa kufungua dizeli, stata, alternata, plagi za kupasha na taa za onyo. Kosa la kawaida ni plagi. Nne zikiwa pamoja zinavuta zaidi ya ampia 40, na kuna watu wanazilisha kupitia swichi ya zamani na waya mwembamba. Weka rilei na waya mnene. Kwenye mafuta, gari lililotoka kuwa la petroli halikuwa na bomba la kurudisha, na dizeli inalihitaji. Tazama limerudi kwenye tenki kwa njia gani, na kama tenki liliwahi kuoshwa. Chujio la kutenganisha maji lisikosekane.

Baada ya haya yote ndipo unavua. Chasi ya Series ni boksi la chuma lililochomelewa, na inaoza kutoka ndani kwenda nje. Gonga kwa nyundo ndogo kwenye mti wa nyuma kabisa, kwenye mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na pale springi zinapofungwa. Sauti nzito isiyolia ni kutu. Bodi ni ya aloi ya alumini, haioti kutu ya kahawia, lakini kila inapokutana na chuma, kukiwa na unyevu, inageuka unga mweupe. Ukirudisha, weka kizuizi katikati ya metali mbili na usitumie bolti tupu. Ukuta ulio kati ya injini na miguu yako ni wa chuma, na miguu ya milango yake na pale unapokanyaga ndipo huoza kwanza. Ukiamua kununua chasi mpya iliyochovywa kwenye zinki, uliza kwanza mamlaka za ulipo namba inahamishwaje. Usiikate namba ya zamani na kuichomelea kwenye mpya kwa hiari yako. Kuna nchi ambako hilo peke yake ni kosa la jinai.

Popote utakapokata ili injini ikae, kata kwenye kishikio, usikate kwenye chasi wala kwenye ukuta. Kishikio kipya kifungwe kwa bolti. Atakayelimiliki baada yako akitaka kurudisha 2.25, aweze kufanya hivyo kwa spana.

Kabla ya rangi, funga chasi, injini, giaboksi, ekseli na breki, weka kiti kimoja, na ulizungushe gari hivyo ndani ya uwanja uliofungwa. Rudia jaribio la klachi, rudia kipimajoto. Chochote kinachotaka kukatwa au kuchomelewa tena kitajitokeza hapo, kikiwa bado hakijakuharibia rangi.

Na rangi ya injini: kijivu hafifu, hata kama 200Tdi yako ilikuja nyeusi. Juu ya kijivu tone la oili linaonekana siku ile ile linapoanza, na utajua limetoka kwenye gasketi gani kabla halijaenea.